Moramu yetu yote iliishia mtoni, sasa hakuna anayetaka kuchanga

Shikamoo mzee,

Naishi Mbale, Uganda, upande ule wa chini ya mlima Wanale. Nina mke na watoto wanne, na nina kazi isiyo na mshahara: ni mweka hazina wa njia yetu. Nasema yetu kwa sababu jiji halihusiki nayo. Tuliponunua viwanja, marehemu mwenye shamba alituachia upana wa mita nne, kutoka barabara kubwa chini mpaka kiwanja cha mwisho juu, jumla kama mita 240. Nyumba ni kumi na mbili. Chini pamelala, katikati pana mteremko mkali wa mita 70 hivi, juu panalala tena.

Mwaka jana mwezi wa pili tulikubaliana kila nyumba itoe shilingi laki moja na nusu. Nane zilitoa. Kwa ile milioni moja na laki mbili nilileta Fuso nne za moramu, laki mbili na nusu kila tripu, na laki mbili zilizobaki nikawalipa vijana wa kutandaza. Njia ilipendeza mpaka watu wakaipiga picha. Kufika mwezi wa sita moramu yote ilikuwa imeteremka: nyingine kwenye mtaro wa barabara kubwa, nyingine kwenye migomba ya bibi anayekaa chini kabisa, na iliyobaki mtoni.

Mwaka huu ndiyo balaa. Mwezi uliopita ilinyesha usiku mmoja, saa mbili tu, na asubuhi tukakuta katikati ya mteremko pamechimbika kiasi cha kunifika magotini. Mwalimu jirani yangu alipasua sampu ya gari lake, lile bakuli la oili chini ya injini, kwenye jiwe. Bodaboda wakifika kwenye mwembe wanasimama: "Shuka hapa, mzee." Mtungi wa gesi naupandisha begani.

Wapo wanaosema maji yamezidi tangu Haji wa juu ajenge ukuta kukatisha kikorongo kilichokuwa kinapita pembeni ya kiwanja chake. Mimi sijui, maana mvua nayo ni nyingi, na mapaa yetu sote yanamwaga njiani kama kawaida. Mtaro tulikuwa nao, ila kila aliyeweka geti aliujaza udongo apate kuingiza gari.

Kikao cha Jumapili kilivunjika. Mwalimu anataka tumwage zege njia nzima. Mfanyabiashara mmoja anasema tuchimbe mtaro mmoja ulionyooka mpaka kwa bibi, "pale ni shamba tu". Bibi mwenyewe, mjane wa yule aliyetuuzia, amesikia, na sasa anasema zile mita nne ni za mumewe na atapanda maharage. Wale wanne ambao hawakutoa mwaka jana wanasema hawana gari, wao wanatembea. Waliotoa wananiambia pesa yao niliilisha mto, na wawili wananong'ona kwamba niliila mimi. Risiti zote ninazo.

Je, jiji haliwezi kutusaidia? Tuweke zege au moramu? Na wale wanne niwabane vipi?

Mweka Hazina Asiyelala, Mbale

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, maana umenitajia vipimo na mimi vipimo siwezi kuviacha vipite. Fuso ikijazwa na dereva mwaminifu hubeba kama mita za ujazo saba. Nne ni 28. Njia yako ina mita 240 kwa nne, yaani mita za mraba 960. Gawanya: mlitandaza unene wa sentimita tatu, na hiyo ni moramu bado laini. Magari yakishaikanyaga inabaki sentimita mbili. Barabara ya moramu inatakiwa ibaki na sentimita 15 baada ya kushindiliwa, na kwa njia yenu hiyo ingekuwa Fuso ishirini na saba. Wasomee kikaoni hesabu hii pamoja na risiti zako. Hukula pesa ya mtu. Uliipaka njia poda, na poda mvua haiihurumii.

Ila nikuambie kitu ambacho majirani zako hawatakipenda. Hata ungeleta hizo ishirini na saba zingeteremka, labda kwa miaka miwili badala ya miezi minne. Kwa hiyo ushauri wangu wote ni huu: mwaka huu usinunue moramu, hata tripu moja. Pesa yote iende kwenye maji. Njia itabaki mbaya kwa macho, watu watakusema, vumilia. Mitaro ikishapita msimu mzima bila kubomoka, Februari ijayo ndipo uite Fuso, tena kwa ule mteremko peke yake.

Sasa hayo maji. Umeyataja kama mtu anayetaja upepo, yaani kitu kinachokuja tu. Mimi naona yana wenyewe. Chukua mapaa. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina paa la mita za mraba 120. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mvua nzito ya jioni moja ikileta milimita 40, bati za nyumba hiyo moja zinamwaga lita 4,800. Kwa jerikeni za lita 20, hizo ni jerikeni 240. Zidisha kwa nyumba kumi na mbili: jerikeni 2,880, zote zimemwagwa juu ya mita zenu nne ndani ya saa moja au mbili, zikielekea mahali pamoja. Hebu mwambie mtu akusanye vijana wamwage jerikeni elfu mbili na mia nane juu ya mteremko, uone kama kuna moramu itakayosimama.

Hapo ndipo pana jibu la wale wanne wanaotembea kwa miguu. Umewabana kwa magari, na kwa magari wana haki ya kukataa. Wabane kwa bati. Kila mwenye paa analeta maji njiani, awe na gari au baiskeli au miguu yake. Pendekeza kikaoni kwamba kabla ya mchango wowote kila nyumba iyashike maji yake: aweke gata na tangi, na asiyeweza tangi achimbe shimo ndani ya kiwanja, kina cha mita moja na nusu, alijaze mawe, maji ya gata yaingie humo yanywewe na ardhi taratibu. Shimo liwe mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo, na lisichimbwe kwenye ukingo wa mteremko ambako udongo waweza kukatika. Halitameza mvua yote, ila litapunguza ile kasi ya mwanzo, na kasi ndiyo inayochimba. Asiye na fedha ana mikono. Shimo ni kazi ya siku mbili. Mtu akikataa hata hilo, basi tatizo lake si fedha, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ndiye wa kuzungumza naye.

Kuhusu Haji, usiende na kikundi. Nenda na mwenyekiti na mzee mmoja anayekikumbuka kile kikorongo kabla ya ukuta. Aliyekuwa Mbale mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu, hahitaji kuelezwa nguvu ya maji yanayotoka Wanale, na Haji bila shaka anaijua. Ambalo huenda hajaliwaza ni ukuta wake mwenyewe. Maji yaliyozibwa hayageuki yote kuja kwenu. Mengine yanasimama nyuma ya ukuta na kulowesha msingi, na siku moja utalala kifudifudi. Kwa hiyo mwombeni afungue chini, pale pale kikorongo kilipopita, aweke kalavati la sentimita 60, na ninyi mchangie sehemu ya gharama. Kalavati dogo usilikubali hata kwa bure. La sentimita 30 linazibwa na kavera tatu, ile mifuko ya plastiki, na ganda la mgomba, na mkono haufiki ndani kulizibua. Pale maji yanapotokea panga mawe makubwa, la sivyo yatachimba shimo chini ya mdomo wa kalavati na kulivunja. Na kabla hamjafungua, fuateni kikorongo chenyewe mpaka kinapoishia, maana pengine kuna mwingine aliyejenga juu yake huko chini.

Mageti ndiyo rahisi. Waliojaza udongo mtaroni waufukue, halafu mbele ya kila geti mtaro upanuliwe, uwe na umbo la bakuli pana lisilo na kina, upangwe mawe na kuzibwa kwa saruji kidogo. Gari linashuka na kupanda polepole bila kugusa chini, maji yanapita, na hakuna bomba la kuziba.

Turudi kwenye mteremko, ambako ndiko kazi iliko. Kwanza upime. Chukua kamba ya mita 10 na pima maji ya fundi. Ncha moja iwe ardhini upande wa juu, mwenzako ainue ncha ya chini mpaka kamba ilale sawasawa, kisha pima kutoka kwenye kamba hadi ardhini. Ukipata sentimita 80, mteremko wako ni 8 kwa 100. Ukizidi 5 kwa 100, mtaro wa udongo mtupu hautadumu, maji yataukata kama wembe, na hapo unahitaji vizuizi vya mawe ndani ya mtaro. Kwa 8 weka kimoja kila mita 10 hivi. Penye ukali zaidi, visogeze vikaribiane.

Vizuizi hivi watu wengi hukosea, kwa hiyo soma polepole. Kizuizi ni ukuta mfupi wa mawe unaokatisha mtaro, na katikati yake lazima pawe chini kuliko pembeni, kama tandiko la punda. Ukiacha juu yake pawe sawa, au ukanyanyua katikati kwa kutaka uzuri, maji yatazunguka pembeni, na pembeni ya upande mmoja ni barabara yako. Nimeona vizuizi vizuri vya saruji vimesimama peke yao kama makaburi, mtaro umeshahamia katikati ya njia. Chini ya kila kizuizi laza mawe bapa, maji yaangukie hapo. Nyuma yake mchanga utajaa wenyewe, na mtaro utageuka ngazi. Mawe hamyakosi, mko chini ya Wanale.

Uso wa njia uwe na mgongo. Kwa upana wa mita nne, katikati panyanyuke sentimita 10 hadi 12 kuliko kingo, maji yakimbilie mtaroni badala ya kushuka na njia. Na mtaro nao usibebe maji yote mpaka chini. Kila mnapopata mwenye kiwanja anayekubali, toeni mchepuko wa kumwaga maji pembeni kidogo kidogo kwenye nyasi. Maji kidogo yaliyotawanywa mara sita hayana ubaya. Yakikusanywa yote mdomo mmoja yanakuwa mto.

Ndiyo maana yule mfanyabiashara asisikilizwe. Namfahamu, maana niliwahi kuwa yeye. Nikiwa kijana, msimamizi wa vibarua, nilichimba mtaro mzuri ulionyooka, nikaukata pale ramani yangu ilipoishia, ukingoni mwa shamba la muhogo la watu. Wiki mbili baadaye robo ya shamba ilikuwa imeondoka. Mwenye shamba hakunitukana. Alinishika mkono akanipeleka, tukasimama ukingoni mwa korongo nililolitengeneza, hakusema neno. Tangu siku hiyo sichimbi mtaro kabla ya kujua mwisho wake.

Zege njia nzima msahau. Kama baadaye mtakuwa na fedha, mmwage nyayo mbili tu za matairi kwenye zile mita 70, kila moja upana wa sentimita 70 na unene wa 15. Hizo ni kama mita za ujazo 15 za zege, karibu mifuko mia ya saruji, mchanga na kokoto mbali. Lakini zege bila mitaro ni kupoteza zaidi. Maji yanakula udongo chini yake, nalo linabaki likining'inia mpaka gari lilivunje.

Jiji, sema nalo, ila kwa jambo moja. Fedha za barabara za umma ni za barabara za umma, na kusubiri greda lao kwenye njia ya watu kumi na wawili ni kusubiri sana. Mkitaka iwe yao, itabidi wote mkubali kwa maandishi kwamba zile mita nne ni za umma, na siku hiyo ndoto yoyote ya kuweka geti la pamoja imekufa. Ila mhandisi wa jiji lazima mumwone kwa sababu maji yenu yanaishia kwenye mtaro wake, na moramu yenu imeuziba. Afadhali mumfuate kabla hajawafuata. Mkiwa huko ulizeni pia kuhusu Mount Elgon Labour Based Training Centre, chuo cha serikali kilichopo hapo hapo Mbale, kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvu za watu, majembe na mawe, bila mitambo mikubwa. Mkipata fundi aliyepita huko awapimie mteremko na kuwawekea vigingi vya mitaro, mtakuwa mmeokoa fedha nyingi.

Na akitokea mtu wa kukunong'oneza kwamba ana rafiki dereva wa greda atakayepitisha mara mbili usiku kwa bei nafuu, mkatae. Greda likikwangua njia isiyo na mitaro linaishusha chini ya viwanja vya pembeni, na njia iliyo chini ya viwanja inageuka kuwa mtaro.

Moramu itakaponunuliwa Februari, usichukue ile nyekundu iliyo vumbi tupu. Inatakiwa iwe na vijiwe na udongo wa kunata kidogo. Isishindiliwe ikiwa kavu pia. Inyunyizie maji, chukua konzi moja, kamua. Ikishikamana bila kutoa maji, iko tayari. Ikimwagika kama unga, ongeza maji.

Nimemwacha bibi mwisho, lakini wewe umwendee kwanza, kabla hujaitisha kikao kingine. Nenda na mkeo, msiende na karatasi. Muulize maji yalikuwa yakipita wapi mumewe alipokuwa hai. Hakuna mtu kwenye njia yenu anayejua zaidi yake. Msikilize na habari ya maharage. Baadaye, akiwa ametulia, ndipo mtaandikiana mbele ya LC1: mita nne ni njia, na mtaro ukifika kwake utapita hapa na si pale. Mkichimba ndani ya migomba yake mifereji michache iliyolala sawa, sentimita 60 kwa 60, inayofuata mlalo wa ardhi na si mteremko, maji yatasimama humo na kunywewa na migomba na kahawa mpaka kiangazi, na yanayozidi yaende mtoni kwa njia aliyoichagua yeye. Akikataa, mtatafuta kwingine, hata kwa gharama zaidi.

Kisha mwombe ruhusa ya kuirudisha moramu yenu. Imo kwenye shamba lake, inazisonga ndizi zake, na ninyi mnaihitaji kuzibia lile shimo la magotini: mawe makubwa chini, madogo juu, moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe kwa gogo. Toroli nne na vijana sita watamaliza siku moja. Waambie waache sururu nyumbani. Mizizi ya mgomba iko juujuu, watumie beleshi na mikono.